Kiburu cha Bibi, Mkate wa Shangazi

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika kwetu Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini, wakawabadilishia chakula. Waliozoea kula kijijini walilishwa kwa wiki 2 vyakula vya kizungu, vile vya viwandani na vya kukaanga. Waliozoea kula kimjini walirudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa. Kundi jingine lilipewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki 1, kazi ambayo naamini haikukosa watu wa kujitolea. Damu ilipopimwa, waliohamia chakula cha kizungu walikutwa kinga yao ya mwili imeamka kana kwamba kuna vita, na papo hapo chembe zake zimepungua makali dhidi ya vijidudu vya kweli. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wanywaji wa mbege, walielekea upande wa pili. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo wiki 4 baada ya jaribio kwisha.

Habari hiyo ilipofika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, watu waligawanyika kabla ya chakula cha mchana. Kaka mmoja akaandika kwamba hakuna jipya, wazee wetu waliishi miaka 100 kwa sababu hawakula chipsi. Binti mmoja wa Dar es Salaam akajibu kwamba wazee hao hao walizika watoto wao. Shemeji akaona nafasi ya biashara, akabandika tangazo la unga wa kusafisha utumbo na kurudisha ujana, kopo moja kwa bei inayokaribia debe la maharage. Mimi nilisoma yote nikanyamaza. Nimefundisha biolojia sekondari hadi nikastaafu, nimekulia mlimani Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la familia, na chakula walicholishwa wanaume wale nakijua kwa jina na kwa harufu. Nilihitaji kukumbuka vizuri kabla ya kusema lolote.

Bibi mzaa baba hakujua mwaka aliozaliwa. Alichoambiwa ni kwamba alikuwa ananyonya wakati Waingereza walipoingia Moshi na Wajerumani wakakimbia, yaani mwaka 1916. Alifariki mwaka 1993. Ukoo mzima unasema alikufa na miaka 100, na msalaba wake uliandikwa hivyo kwa heshima. Hesabu inasema alikuwa anakaribia 80. Sidhani ni sisi peke yetu. Mtafiti Saul Newman alipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha na kufikirisha, mwaka 2024 kwa kuonyesha kwamba sehemu zinazosifika kwa wazee wa miaka zaidi ya 100 mara nyingi ndizo ambazo kumbukumbu zake za vizazi na vifo ni mbovu. Kwa hiyo tunapomsifu mzee kwa umri wake, kwanza tutafute cheti cha ubatizo.

Umri wa bibi una shaka, lakini mwili wake nauhakikisha. Mwaka wa mwisho wa maisha yake alikuwa bado anakata majani ya ng'ombe, anayafunga mzigo na kupanda nayo mlima. Alinitania kwa kuniita mke mwenza, na akiniona nimechoka njiani alisema mume wetu atamchagua yeye.

Alikula nini? Asubuhi uji wa ulezi, au ndizi zilizobaki jana zikapashwa moto. Mchana kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyochemshwa pamoja vikapondwa kwa mwiko mpaka huoni tena kipi ni kipi. Jioni mtori, yaani supu nzito ya ndizi, au makande. Kando yake kulikuwa na mnafu, mboga chungu ambayo sisi watoto tuliikunjia nyuso, au mchicha, au majani ya maboga. Masika kulikuwa na kunde kutoka shamba la chini, tambarare. Magimbi na viazi vikuu vilichimbwa vilipohitajika. Nyama ilikuwa ya Krismasi, ya harusi na ya mzazi aliyejifungua. Sukari ilifungiwa kabatini pamoja na cheti cha ndoa.

Maziwa yaliganda kwenye kibuyu ambacho hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Bibi aliacha kidogo cha zamani chini, akamimina mapya juu yake, akaziba kwa gunzi. Mbege ilikuwa kazi ya siku nyingi: ndizi mbivu zinachemshwa mpaka maji yanakuwa mekundu, zinaachwa zichachuke, zinachujwa, ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa unapikwa uji mzito, ganda la msesewe linatia uchungu, kisha vyote vinachanganywa na kuachwa usiku. Sisi tulipewa kata ndogo kabla haijakolea.

Kitu ninachokiona leo, ambacho sikukiona nikiwa mtoto, ni wingi wa aina. Mezani palikuwa na umaskini, lakini kwa wiki moja tulikula mimea mingi kuliko ile ninayoiona kwenye jokofu la mtu mwenye magari 2. Na karibu kila siku kulikuwa na kitu kilichochachuka.

Sasa yule binti wa Dar es Salaam. Alikuwa sahihi. Bibi alizaa watoto 9 akazika 4 kabla hawajaanza shule, mmoja kwa surua, wengine kwa kuharisha na homa ambazo hakuna aliyezipima. Wakati wa uhuru, mtoto aliyezaliwa nchini hakutarajiwa kufika miaka 50. Leo anatarajiwa kupita 60, na miaka hiyo ya nyongeza imeletwa na chanjo, maji safi, dawa za malaria, wakunga na vyandarua. Kiburu hakikuzuia surua. Walioishi mpaka tukawaona wazee ni wale waliokwisha kuvuka mto wenye mamba, na sisi tunawahesabu waliovuka tu. Chakula kinaanza kusema kwa sauti baadaye, mtu akishapita miaka 40, pale ambapo swali limebadilika: ataumwa nini, na atatembea mpaka lini.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, miaka ile ya shida baada ya Vita vya Kagera, chakula kikawa ugali na maharage, maharage na ugali. Kulikuwa na kipindi cha unga wa njano kutoka ng'ambo, tuliouita yanga, uliotufanya tuione sembe nyeupe kama keki. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ilikuwa ya wafungwa. Hivyo ndivyo tulivyosema. Mboga za majani zilikuja siku mgeni wa wizara alipotembelea shule. Maziwa hayakuja kabisa.

Muhula wa kwanza wasichana wa milimani tuliugua ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja kwa matroni. Mtu anakaa siku 4 bila choo, tumbo limejaa, kichwa kinauma, darasani hasikii kitu. Matroni alikuwa na dawa moja, chumvi ya haluli, na aliigawa kwa kijiko kikubwa huku akitufokea kwamba tunakunywa maji kidogo. Alisema kweli nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye kinu cha kukoboa, kule ambako pumba na kiini cha mahindi vilibaki vikalisha nguruwe.

Wakati huo huo, mwaka 1979, daktari mpasuaji wa Ireland aliyeitwa Denis Burkitt alikuwa anachapisha kitabu kuhusu jambo hilo hilo. Alifanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, na jina lake linajulikana kwa saratani ya watoto aliyoieleza akiwa Kampala. Lakini kilichomsumbua baadaye kilikuwa kitu cha kawaida zaidi. Magonjwa aliyoyakuta kila siku kwenye hospitali za Ulaya, kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, vifuko vya utumbo kwa wazee, huku kwetu aliyaona mara chache sana. Akaanza kuuliza watu wanakula nini, na choo chao kikoje, kina uzito gani, kinachukua muda gani kutoka. Inasemekana alipiga hata picha. Watu walicheka, na mimi nikiwafundisha wanafunzi habari zake walicheka pia, lakini hoja yake kuu imesimama: nyuzinyuzi tunazozikoboa na kuzitupa zina kazi. Ila yeye alitilia mkazo zaidi kusukuma, na kumbe kazi si hiyo tu.

Na mimi nilifundisha hivyo hivyo. Kitabu cha biolojia cha wakati wangu kiliupa utumbo mpana mistari michache. Kilisema unafyonza maji na kuhifadhi mabaki. Bakteria walikuwa na sura yao nyingine, ya magonjwa, pamoja na kipindupindu na kifua kikuu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mtoto mkimya wa mpiga debe, aliwahi kuniuliza kwa nini Mungu atengeneze bomba refu namna ile kwa ajili ya kufyonza maji tu. Nilimwambia akae. Swali lake lilikuwa bora kuliko kitabu.

Jibu ninalolijua sasa ningelitoa kwa kutumia pipa la mbege, kwa sababu utumbo mpana ndivyo ulivyo. Tumbo na utumbo mwembamba vinachukua wanga laini, protini, mafuta na sukari. Nyuzinyuzi za maharage, za ndizi, za pumba, mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja, kwa hiyo zinafika chini zikiwa nzima. Huko matrilioni ya bakteria wanazichachusha. Wanachotoa ni asidi fupi za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Seli zikishiba, ukuta unakaza, na ute unaoulinda unakuwa mnene. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria wanageukia ute wenyewe na kuula. Ukuta unakonda, vipande vya bakteria vinapenya kwenye damu, na kinga ya mwili inabaki macho usiku na mchana.

Hali hiyo ya kuwa macho bila adui ndiyo inayounganisha utumbo na uzee. Mwaka 2000 Mwitaliano Claudio Franceschi na wenzake waliipa jina: uzee unaokwenda sambamba na kinga iliyochochewa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Haikuumizi leo wala kesho. Ila inahusishwa na mishipa inayokakamaa, kisukari cha ukubwani, misuli inayopungua na akili inayochoka. Wale wanaume wa Moshi walionyesha mwanzo wake ndani ya wiki 2, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote.

Nisingetaka msomaji adhani ni hadithi ya Kilimanjaro peke yake. Mwaka 2015 kikundi cha Stephen O'Keefe kiliwabadilishia chakula Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, nao pia kwa wiki 2. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, Waafrika wakapewa baga na vibanzi. Ndani ya muda huo mfupi butireti ilipanda kwa Wamarekani na kushuka kwa Waafrika, na alama zinazohusiana na hatari ya saratani ya utumbo mpana zikabadilishana pande.

Kuna pia samaki. Kwenye madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji kunaishi samaki mdogo ambaye maisha yake yote ni miezi michache. Mwaka 2017 Dario Valenzano na wenzake huko Ujerumani waliwapa samaki wa umri wa kati bakteria wa utumbo wa samaki vijana, na samaki hao wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Samaki si mtu. Lakini mtoto wa mpiga debe angelipenda jaribio hilo.

Mfano mwingine niliuona mwenyewe bila kuuelewa. Miaka yangu ya kwanza ya kazi nilikuwa Karatu. Siku za mapumziko tulishuka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kununua vitunguu, na huko tulikutana na Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, wakiuza asali. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mti akitafuna mzizi uliobanikwa, anatafuna, anafyonza, anatema makapi, anaanza tena. Alitupatia ubuyu, akacheka tulipotema mbegu. Mwalimu mwenzangu alisema, kwa sauti ya kuwahurumia, kwamba watu hawa hawana chakula.

Mwaka 2014 na tena mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza utumbo wa watu hawa hawa wasio na chakula. Wahadzabe wanakula nyuzinyuzi zinazokadiriwa kufika gramu 100 au zaidi kwa siku, mara nyingi ya anavyokula mtu wa mjini, na bakteria wao ni wa aina nyingi kupita wale wa Ulaya na Marekani. Utafiti wa 2017, uliohusisha maabara ya Justin Sonnenburg ya Chuo Kikuu cha Stanford, ulionyesha kwamba aina fulani za bakteria zinapotea msimu wa mvua, wakati wa matunda na asali, halafu zinarudi kiangazi. Zinazopotea na kurudi ni zile zile ambazo kwa watu wa nchi za viwanda ni adimu au hazipo. Kwao kiangazi hakirudi.

Napenda taarifa hiyo kwa sababu inatoa tumaini kidogo, kwamba bakteria wanaufuata mkono unaoingia mdomoni. Siipendi inapotumiwa kuwafanya Wahadzabe kuwa sanamu za makumbusho. Watoto wao wengi wanakufa wadogo, ardhi yao inamegwa kila mwaka, na hakuna aliyewauliza kama wangependa zahanati. Anayefika utu uzima ana nafasi nzuri ya kufika miaka 60 au 70. Anayefika.

Nimefika kwa shangazi, na hapa nitakaa kidogo.

Shangazi alizaliwa mwaka 1932. Huyu cheti chake cha ubatizo kipo. Mumewe alipofariki, watoto wake, watu wenye kazi nzuri Dar es Salaam, walikubaliana kwamba haifai mama abaki peke yake mlimani. Wakamjengea chumba chenye choo ndani, huko Mbezi, wakamwajiria dada wa kazi, wakamnunulia televisheni. Kila walichokifanya walikifanya kwa upendo, na majirani walisema mama huyu amezaa.

Mlo wake mpya niliujua kwa sababu nilikuwa nikimtembelea Jumapili baada ya ibada. Asubuhi mkate mweupe na chai ya maziwa yenye sukari. Mchana wali laini na mchuzi. Jioni tambi, au uji wa unga wa kopo. Katikati, juisi ya boksi, kwa sababu mzee anahitaji vitamini. Maharage yalipigwa marufuku kwa kuwa yanaleta gesi. Mboga za majani zilipikwa, lakini meno yake yalikuwa machache, kwa hiyo zilirudi jikoni. Alipoumwa njia ya mkojo alipewa antibaiotiki. Ilipojirudia akapewa nyingine, na mara ya tatu hawakwenda hata hospitali, walinunua dawa ile ile dukani. Hizo dawa zina mahali pake, zimeokoa maisha ya wengi wetu, lakini haziwabagui bakteria wa ugonjwa na wale wa kazi.

Mwaka haukuisha kabla shangazi hajabadilika. Mwanamke aliyekuwa akipanda kwenda kanisani kwa miguu alianza kushika ukuta akienda chooni. Choo chenyewe kikawa shida, akapewa dawa ya kulainisha, kisha dawa ya kuzuia kuharisha kulikosababishwa na dawa ya kulainisha. Alisinzia mchana. Siku moja nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivuta karibu ili dada asisikie. Akasema, "Mwanangu, huku wananilisha kama mgonjwa. Nami naona nimekuwa mgonjwa."

Mwaka 2012 watafiti wa Ireland walikuwa wamechapisha kazi yao juu ya wazee 178 wa eneo la Cork. Wale walioishi nyumbani walikula vyakula vya aina nyingi, na bakteria wao walikuwa wa aina nyingi. Wale waliokaa muda mrefu kwenye nyumba za kutunzia wazee walikula vyakula vichache, laini, vile vile kila siku. Bakteria wao wakapungua aina, na upungufu huo ulikwenda pamoja na udhaifu wa mwili na dalili za kinga kuamka bila sababu. Mlo ulitangulia kubadilika, bakteria wakafuata polepole. Niliposoma hayo nilimwona shangazi kwenye kila jedwali.

Alirudi mlimani kwa ajili ya msiba, na msiba ulipokwisha alikataa kuondoka. Watoto walilia, mchungaji aliitwa, hakutikisika. Mjukuu mmoja aliyekuwa akilima kihamba akahamia kwake na mkewe. Chakula kikawa kile kile cha zamani: mtori, kiburu, maziwa mgando, mnafu uliokatwakatwa ukapikwa mpaka ukalainika. Baada ya miezi kadhaa alikuwa anatembea na fimbo hadi kwa jirani, na dawa za choo ziliachwa dirishani.

Sitadai kwamba ni maharage yaliyomwinua. Alirudi kwenye lugha yake, kwenye mlima unaomlazimisha kutembea, kwenye watu wanaomjua kama mtu mzima mwenye amri. Mwanasayansi makini angesema huwezi kutenganisha hayo, na angekuwa sahihi. Lakini jambo moja nimelishika kutoka kwenye jiko lile. Watoto wa mjini walimpa mama yao mkate kwa sababu hana meno. Kiburu ni laini kuliko mkate, na maharage yamo yote na maganda yake. Mtori unanyweka. Waliobuni vyakula hivi walikuwa na wazee vibogoyo ndani ya nyumba, na walijua kuwalisha bila kuwanyang'anya chakula. Shangazi alifariki mwaka 2021, miaka 89 kwa cheti.

Turudi kwa shemeji na kopo lake. Wazo la kwamba utumbo mpana ni mchafu na unahitaji kusafishwa si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, mshindi wa Nobel ya mwaka 1908, aliamini kwamba bakteria wa utumbo mpana ndio wanaotuzeesha kwa sumu yao, akahimiza maziwa yaliyoganda kama kinga, akitaja wakulima wa Bulgaria na umri wao. Huko London daktari Arbuthnot Lane alikwenda mbali zaidi, akawakata wagonjwa wake utumbo mpana na kuutupa. Metchnikoff alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Kuhusu maziwa alibahatisha vizuri. Mwaka 2021 jaribio la Stanford kwa watu wazima 36 lilionyesha kwamba waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wiki kadhaa waliongeza aina za bakteria, na alama za kinga iliyochochewa zikashuka. Kuhusu uchafu alikosea. Hakuna cha kusafisha mle ndani, kuna cha kulisha, na hakiuzwi kwa kopo.

Mbege siiandiki kama dawa. Ina kilevi, siku hizi wengine huongeza sukari ili ikolee haraka, na maji yake si lazima yawe safi. Bibi alikunywa kata moja akaenda kukata majani. Nimewazika pia wajomba waliokunywa ndoo. Mtindi unatosha kwa asiyetaka balaa.

Na dona, ambayo sasa inasifiwa na waliokuwa wakiikimbia, nayo ina sharti lake. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu ile ile tunayoitaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Anayenunua dona anunue ya mahindi yaliyokauka vizuri na kuhifadhiwa pakavu, akiweza achague mwenyewe na kusagisha kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha upesi. Hii ndiyo sababu wafanyabiashara wanapenda sembe: inakaa dukani.

Nilipomaliza kukumbuka, niliwaandikia watu wa ukoo mambo machache. Kaka niliyemtaja mwanzo nilimwambia bibi hakufika 100. Shemeji nilimwomba aondoe tangazo, akaliondoa, akaliweka kwenye kundi la kanisa. Na wote niliwaomba kitu kimoja wanachokiweza: mzazi akiletwa mjini, jiko lake lije naye, maharage yasikatazwe, yapondwe.

Kwa watafiti wa Moshi nina ombi. Wanaume 77 wamepimwa na matokeo yao tumeyasoma kwa furaha. Mbege ile kwa mila hupikwa na wanawake, kiburu hupondwa na wanawake, na ukienda leo kijiji chochote cha Kibosho utakuta wajane wengi kuliko wagane. Nasi tupimwe, na safari hii kwa muda unaozidi wiki 2. Mimi nipo, na mnafu ninaula.